Kuhifadhi ni Kufanya Nini? Maoni juu ya Simulizi ya Utunzaji wa Kumbukumbu

Katika semina moja ya walimu tuliyohudhuria tuligawiwa kijitabu cha ufahamu ambacho sura yake moja yahusu utunzaji wa kumbukumbu tangu zamani hadi leo. Hatutakitaja kwa jina, kwani kosa lake si lake peke yake. Limo katika vitabu vingi tulivyosoma tulipokuwa wanafunzi, na sisi wenyewe tumelifundisha miaka mingi pasipo kulitilia shaka. Sura hiyo imepambwa kwa picha ya ngazi. Kwenye kidato cha chini kabisa ameketi mzee kando ya moto, akiwasimulia watoto. Juu yake kuna kigae cha udongo, kisha mafunjo, kisha ngozi, kisha karatasi na mashine ya kupigia chapa, kisha kadi zenye matundu, kisha utepe wa sumaku, na kileleni kompyuta inayong'aa kama jua la asubuhi. Chini ya picha pana swali la zoezi: taja hatua za maendeleo ya hifadhi ya kumbukumbu. Mwanafunzi huzitaja, mwalimu hutia alama ya vema, na kipindi huisha.

Hatusemi kwamba vyombo hivyo havikuwako, wala kwamba havikufuatana kwa takriban mpangilio huo. Tunalosema ni kwamba kijitabu chasimulia historia ya vyombo na kuiita historia ya kumbukumbu. Mlinzi wa kumbukumbu hayumo, wala yule anayeruhusiwa kumsahihisha mlinzi akikosea. Yule mzee wa kidato cha chini amewekwa pale si kwa sababu ya alichokihifadhi, bali kwa sababu mikononi mwake hamna kitu. Sisi tunaofundisha hapa Gisenyi, mji uliogusana na Goma ukuta kwa ukuta, hatuwezi kuipitisha ngazi hiyo kirahisi. Tukitazama kaskazini twaona chombo kisicho na mlinzi. Tukitazama nyuma, katika historia ya nchi hii, twawaona walinzi wasio na chombo. Mwanafunzi mwenye akili ataviweka wapi hivi viwili katika ngazi?

Tuanze na chombo. Mwaka 1950 mwanajiolojia wa Kibelgiji, Jean de Heinzelin, alichimbua mahali paitwapo Ishango, ufukoni mwa Ziwa Edward, pale Mto Semliki unapotoka ziwani. Pako katika jimbo lile lile la Kivu Kaskazini ambalo Goma ndiyo makao yake makuu. Humo alipata mfupa mdogo, mweusi kwa uzee, wenye kipande cha jiwe gumu kilichopachikwa kwenye ncha moja. Mfupa huo, unaohifadhiwa leo katika jumba la makumbusho mjini Brussels, wakadiriwa kuwa na umri wa miaka 20,000 hivi. Umechanjwa alama katika safu tatu, nazo alama hizo zimekusanywa mafungu mafungu. Katika safu moja mafungu hayo yana alama 11, 13, 17 na 19. De Heinzelin aliona humo dalili za hesabu. Mtaalamu mwingine, Alexander Marshack, aliona kalenda ya mwezi. Wengine wamesema ni mikwaruzo ya kuufanya mfupa usiteleze mkononi.

Sisi hatuna haja ya kuamua nani amepata na nani amekosa. Linalotuhusu ni kwamba chombo kimedumu miaka elfu ishirini bila kupoteza hata alama moja muhimu, na bado hakuna mtu duniani awezaye kukisoma. Kama kuhifadhi ni kudumu kwa chombo, basi mfupa wa Ishango umeshinda vyombo vyote vya ngazi ile, kompyuta ikiwemo. Lakini je, umehifadhi nini? Kitu tunacho, habari hatuna.

Sasa tuwatazame walinzi. Katika ufalme wa Rwanda ya kale palikuwa na ubwiru, yaani mkusanyo wa kanuni na ibada za kifalme: namna ya kumtawaza mfalme, namna ya kumzika, namna ya kuomba mvua wakati wa ukame, namna ya kusherehekea malimbuko ya mtama. Kila ibada iliitwa inzira, maana yake njia. Hapakuwa na hata mstari mmoja ulioandikwa. Maandiko hayo, nasi twayaita maandiko kwa makusudi, yalikaa vichwani mwa watu walioitwa abiru, ambao walipokea kazi hiyo kwa urithi wa ukoo na kujifunza matini neno kwa neno. Hawakugawiwa wote kila kitu. Ukoo huu ulishika njia hii, ukoo ule njia ile. Ni wachache tu waliojua sehemu kubwa ya mkusanyo. Kutoa siri kulikuwa kosa la kufa. Na kwa kuwa sehemu moja ilijulikana na zaidi ya mtu mmoja, aliyeteleza aliweza kurekebishwa na mwenziwe.

Twaomba msomaji aupime utaratibu huu kama apimavyo ofisi yoyote ya nyaraka. Una mgawanyo wa kazi, una mafunzo, una sheria ya siri, una nakala zaidi ya moja zilizowekwa mahali mbalimbali ili moja ikipotea nyingine ibaki, na una njia ya kusahihisha. Kilichokosekana ni karatasi tu. Kumweka mwiru kwenye kidato kimoja na babu anayewachekesha wajukuu kando ya moto ni kutojua tofauti kati ya kukumbuka na kuhifadhi. Babu hukumbuka, akisahau jina la fisi katika hadithi huweka jina jingine, na watoto hucheka vile vile. Mwiru alihifadhi.

Wakoloni walilielewa jambo hili vyema kuliko mwandishi wa kijitabu chetu. Mwaka 1925 utawala wa Kibelgiji ulimwondoa nchini Gashamura, mkuu wa abiru, wa ukoo wa Abatsobe ulioshika njia ya malimbuko, ukampeleka uhamishoni Burundi. Mwaka huo huo sherehe ya Umuganura ilikomeshwa. Hapakuwa na jengo la kuchoma moto wala masanduku ya kupakia merikebuni. Nyaraka zilikuwa na miguu miwili, zikatembezwa hadi ng'ambo ya mpaka. Siku hizi Umuganura umerudishwa, na Ijumaa ya kwanza ya Agosti ni sikukuu ya taifa. Nasi twafurahi pamoja na wengine. Ila anayeijua historia hiyo hujua kwamba kilichorudi ni sherehe, si ile ibada yenyewe kwa maneno na mpangilio wake wa kifalme.

Matini za ubwiru zilipona kwa njia ambayo yastahili somo zima. Katika miaka ya 1940, kwa idhini ya Mfalme Mutara wa Tatu Rudahigwa, abiru walimsomea Padri Alexis Kagame, naye akaandika. Mwaka 1964 ibada 17 zilichapishwa huko Tervuren, Ubelgiji, kwa Kinyarwanda pamoja na tafsiri ya Kifaransa, katika kitabu kikubwa cha d'Hertefelt na Coupez. Hivyo leo mwanafunzi yeyote mwenye nafasi ya kuingia maktaba nzuri aweza kusoma maneno ambayo zamani yangemgharimu kichwa. Je, hilo ni kupanda ngazi? Kwa upande mmoja, naam: bila kalamu ya Kagame tusingekuwa na kitu. Kwa upande mwingine, matini iliyokuwa ikitendwa imegeuka matini inayosomwa. Mwiru alijua lini neno hutamkwa kwa kunong'ona na ni nani asimame wapi litamkwapo. Kitabu chaweza kueleza mambo hayo katika tanbihi, lakini tanbihi haisimami penye uwanja wa mfalme.

Hata hivyo tusije tukawageuza abiru kuwa malaika. Kumbukumbu zao zilikuwa za kiti cha enzi, na mwenye kiti ndiye aliyeamua nini kihifadhiwe. Mkulima wa Bugoyi, yaani eneo hili letu la Gisenyi, hakuwa na mwiru wa kuhifadhi mambo yake. Zaidi ya hayo, kichwa huhifadhi tukio vizuri kuliko mwaka. Mapokeo yasimulia kwamba jua lilipatwa mwanzoni mwa utawala wa Mibambwe Sentabyo. Habari hiyo imepokewa kwa uaminifu vizazi na vizazi. Lakini walipotaka kuitia katika kalenda, Kagame aliiweka mwaka 1741, na wengine, akiwemo Jan Vansina, wakaiweka mwaka 1792. Ni nusu karne nzima. Vansina huyo huyo, aliyeutetea ushahidi wa mapokeo simulizi mbele ya wanahistoria wa Ulaya tangu mwaka 1961, ndiye aliyeikosoa vikali zaidi orodha ndefu ya wafalme aliyoitoa Kagame. Twalitaja hili kwa sababu baadhi ya wenzetu, wakiisha kukasirishwa na dharau dhidi ya masimulizi, huruka hadi upande wa pili na kudai kwamba mapokeo hayakosei. Hukosea. Lakini karatasi nayo hukosea, kama tutakavyoona.

Hapa yafaa tutulie kidogo juu ya lugha yenyewe, maana sisi ni walimu wa lugha. Kijitabu chatumia neno hifadhi kwa maana ya kuweka ndani ya chombo. Lakini kitenzi kuhifadhi, tangu kilipotoka Kiarabu, kina maana mbili ambazo Kiswahili hakikuzitenganisha: kuweka kitu kisiharibike, na kujifunza kwa moyo. Mtoto wa chuoni akihifadhi juzuu haiweki kabatini. Anaiweka ndani ya nafsi yake, na akiimaliza Kurani nzima huitwa hafidhi. Neno kumbukumbu nalo ni vivyo hivyo. Kumbukumbu ni kile kinachobaki moyoni baada ya msiba, na kumbukumbu za mkutano ni karatasi anazosoma katibu. Lugha yetu basi haikukubali kwamba faili ni jambo moja na fahamu ni jambo jingine. Linganisha na Kinyarwanda, ambacho chaziita nyaraka zilizotunzwa ishyinguranyandiko, kutokana na kitenzi gushyingura, ambacho ni kuweka mahali pa salama na pia ni kuzika maiti kwa heshima. Mwanafunzi wetu mmoja alipoambiwa hivyo aliuliza kama basi mtunza nyaraka ni mchimba kaburi. Darasa zima lilicheka, nasi tukacheka, lakini tulirudi nyumbani na swali lake.

Pwani nako kumbukumbu ziliishi maisha mawili hayo, ya kichwani na ya karatasini, bila mmoja kumfukuza mwenziwe. Historia ya Kilwa yajulikana kwa matini mbili: moja ya Kiarabu, iliyonakiliwa Unguja katika karne ya 19 na sasa imo katika maktaba ya taifa ya Uingereza mjini London, nyingine ni muhtasari wa Kireno aliouingiza João de Barros katika kitabu chake cha mwaka 1552. Nakala ya asili haipo. Matini hizo mbili zatofautiana katika majina na miaka ya masultani, na wataalamu wamezipatanisha kwa jasho.

Habari za Pate ni mfano mwema zaidi kwa walimu wa Kiswahili. Yasemekana kwamba kitabu cha asili kilipotea mwaka 1890, Waingereza walipoushambulia mji wa Witu. Matini tulizo nazo leo zatokana kwa sehemu kubwa na mtu mmoja wa ukoo wa Nabhani, Muhammad bin Fumo Omar, aliyejulikana kwa jina la Bwana Kitini. Wageni walimwendea, naye akawasimulia au akawaandikisha, na kila mmoja akarudi kwao na nakala yake: Stigand akachapisha ya kwake mwaka 1913, Alice Werner akachapisha nyingine muda mfupi baadaye, na nyingine zikafuata. Nakala hizo ni ndugu, si mapacha. Walioutegemea ule ushahidi wa Bwana Kitini walihojiwa mwaka 1969 na mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyeona kwamba Pate haukuwa mji wa maana katika karne ambazo habari zake zinaupa ufalme mkubwa. Uchimbuaji uliofuata baadaye ukaonyesha kwamba mji ni wa kale kuliko alivyodhani. Basi kumbukumbu ilikuwa ya kweli au ya uongo? Jibu letu ni kwamba ilikuwa ya mtu: ilikuza ukoo wake, ikafupisha mambo ya maadui, na bado ikawa na habari ambazo mtaalamu hakuzitazamia. Jambo la kutia uchungu ni kwamba kitabu kilipoungua, mji ulikuwa bado na Bwana Kitini. Leo faili zetu zikipotea, Bwana Kitini wetu ni nani?

Tuje kwenye karatasi za serikali, ambazo katika ngazi ya kijitabu zaonekana kama nuru iliyoingia gizani. Wajerumani walipozidiwa katika Vita Kuu ya Kwanza walihamisha majalada ya utawala wao kutoka Dar es Salaam hadi Tabora, na mwaka 1916 wakayazika ardhini yasichukuliwe na adui. Majeshi ya Kibelgiji yaliyoingia Tabora mwezi Septemba mwaka huo yalikuwa yamepita huku kwetu, baada ya mapigano marefu mpakani mwa Gisenyi. Vita vilipokwisha, majalada yalifukuliwa. Leo yamo katika nyaraka za taifa za Tanzania, na mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya kumbukumbu za dunia. Ishyinguranyandiko kweli kweli: yalizikwa, yakafufuka. Lakini yasome uone yamehifadhi nini. Kodi, barua za mabwana shauri, mashamba, kesi, adhabu. Mwafrika yumo, lakini mara nyingi yumo kama mtu anayesemwa, si anayesema.

Kuna karatasi nyingine ambayo hatuwezi kuipita. Utawala wa Kibelgiji ulifanya sensa mwaka 1933 na 1934, na kutokana nayo kila mtu mzima wa Rwanda akapewa kitambulisho kilichoandikwa kabila lake. Kabla ya hapo maneno hayo yalikuwa na maana zilizoweza kubadilika kwa mali, kwa ndoa na kwa cheo. Karatasi iliyagandisha. Neno moja lililoandikwa na karani mchana mmoja likarithiwa na watoto na wajukuu, wala hapakuwa na mwiru mwenza wa kulirekebisha. Sisi wa umri huu twakumbuka darasani, tulipokuwa wadogo, mwalimu akiwa ameshika daftari la mahudhurio akiwaamuru wanafunzi wasimame kundi kwa kundi ili awahesabu. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, neno lile la kwenye kitambulisho liliamua katika vizuizi vya barabarani nani apite na nani auawe. Liliondolewa baada ya mauaji hayo kukomeshwa. Anayefundisha kwamba kuandika kumbukumbu ni maendeleo, akaishia hapo, na aje afundishe hivyo Rwanda. Karatasi ile ilitunzwa vizuri, ilisomeka vizuri, ilidumu miaka sitini. Kwa kipimo cha kijitabu ilikuwa kumbukumbu bora.

Na ni nchi hiyo hiyo iliyotoa mojawapo ya akiba kubwa za nyaraka za haki duniani. Mahakama za Gacaca, zilizoanza kwa majaribio mwaka 2002, zikaenea nchi nzima mwaka 2005 na kufungwa mwezi Juni 2012, zilisikiliza kesi karibu milioni mbili. Watu waliketi nyasini, wakasema, wakakana, wakalia, wakakubali. Na katibu, mara nyingi mkulima wa mtaa ule ule, akaandika kwa mkono katika daftari. Kurasa hizo zakadiriwa kuwa milioni 60, na kazi kubwa imefanywa ya kuzipiga picha na kuzitia katika kompyuta zisiharibike. Ingefaa kijitabu chochote kinachohusu hifadhi kiwe na ukurasa mmoja juu ya kazi hii, maana hapa vidato vyote vya ngazi vimekutana mahali pamoja kwa miaka michache: usemi, kalamu, na mashine. Hakuna kilichomfukuza mwenziwe. Usemi ndio uliozaa karatasi, na karatasi ndiyo inayoilisha mashine.

Lakini mkosoaji hana budi kuuliza nini kimebaki nje. Katibu aliandika maneno, hakuandika kimya. Shahidi aliyenyamaza kwa muda mrefu kabla ya kulitaja jina la jirani yake, katika daftari ametaja jina tu. Waliokuwapo wanajua kimya kile kilikuwa na maana gani, nao wanazidi kuzeeka. Na tena, kwa habari zilizotolewa katika vikao vile familia nyingi zilionyeshwa mahali ndugu zao walipotupwa, zikaweza kuwazika. Kinyarwanda kinatumia gushyingura kwa tendo hilo, na gushyingura kwa kuyaweka madaftari yale mahali pa salama. Yule mwanafunzi aliyetuuliza kuhusu mchimba kaburi hakuwa amekosea sana kama tulivyodhani tulipocheka.

Juu ya mashine hatutakawia, kwani kijitabu kimezisifu vya kutosha. Kadi zenye matundu za Herman Hollerith zilihesabu sensa ya Marekani ya mwaka 1890. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitoa mashine ya kwanza yenye sahani za sumaku: sahani 50 zilizobeba herufi milioni 5, na uzito wake karibu tani moja. Leo kifaa kidogo kuliko ukucha hubeba maelfu ya mara zaidi. Yote ni kweli, na twaona fahari kwamba mwanakijiji wa Rwanda aweza kuomba hati zake kwa njia ya Irembo, huduma iliyoanzishwa mwaka 2015 na kupewa jina la mlango wa ua wa nyumbani. Lakini katika shule moja tuliyowahi kufundisha, ambayo hatuitaji, matokeo ya mitihani ya miaka minne yalihifadhiwa kwenye disketi, na madaftari ya alama yakachomwa ili kupata nafasi kabatini. Disketi zile bado zipo. Tumezishika mikononi: safi, hazina hata mkwaruzo, zina lebo zilizoandikwa kwa hati nzuri ya katibu aliyekwisha kustaafu. Hakuna mashine pale shuleni iwezayo kuzisoma. Ule mfupa wa Ishango ulihitaji miaka elfu ishirini ili uwe bubu. Disketi zetu zilihitaji ishirini.

Twapendekeza nini basi? Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017 vitabu vya kufundishia vimeanza kuja kwa wingi, vingi vikiwa vimeandikwa kwingine kwa mahitaji ya kwingine. Vikaribishwe, lakini visomwe kwa jicho. Sura ile ya ngazi tumeendelea kuitumia darasani, ila swali la zoezi tumelibadilisha. Twawataka wanafunzi wachague kumbukumbu moja ya nyumbani kwao, iwe hati ya shamba, cheti cha ubatizo, jina la babu wa babu, au picha ukutani, kisha waeleze ni nani anayeitunza, ni nani awezaye kuisoma, na ikiwa ina kosa ni nani atakayesema. Majibu yametuaibisha kwa uzuri wake. Binti mmoja aliandika juu ya bibi yake asiyejua kusoma, ambaye hutunza vyeti vya ukoo mzima ndani ya mfuko wa plastiki na kumtambulisha mwenye kila cheti kwa mikunjo na madoa yake.

Mfuko huo wa plastiki tunaujua. Januari 2002 Mlima Nyiragongo ulipolipuka na ziwa la moto likateremka katikati ya Goma, mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kuja kwetu. Na usiku wa tarehe 22 Mei 2021 waliteremka tena barabara ile ile. Wengi walibeba magodoro na masufuria. Karibu kila mama, ndani ya kanga, alikuwa na mfuko wa karatasi: vyeti vya shule, kadi za chanjo, hati ya nyumba ambayo huenda wakati ule ilikwisha kuwa jiwe.

Kati yao alikuja kijana aliyetaka kuendelea na masomo. Cheti chake kilikuwa kimeungua. Ofisi aliyoiendea ilimwambia bila cheti haiwezekani, na kwa kanuni zake ilikuwa na haki. Tukamketisha, tukamwuliza kwa Kiswahili cha kwao alisoma nini na nani alimfundisha. Akayataja majina ya walimu wake wote tangu darasa la kwanza kwa mfuatano, na kila somo la kila mmoja. Siku ya tatu tulimpata mwalimu mmoja kati ya hao, naye mkimbizi, amelala katika uwanja wa kanisa umbali wa nusu saa kwa miguu. Tulimsomea orodha ya kijana. Alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa, akasema jina la mwalimu wa darasa la nne si hilo, ni la ndugu yake. Wa darasa la nne alikuwa mwingine. Kisha akaomba kalamu, akaandika barua ya ushuhuda, akaitia sahihi, akamsahihishia kijana kosa lake pembeni ya ukurasa. Barua hiyo ilikubaliwa.